Kiatu cha Jeshi

Harufu ya rangi ya viatu kwa fundi wa viatu wa stejini, kwenye kituo cha matatu, hunirudisha mtaani Buruburu, kwenye ngazi ya nyuma, babu yangu akipiga brashi buti alizovaa jeshini maisha yake yote. Asubuhi moja aliziweka kando, akachukua kiatu changu cha hospitali, kizito, chenye soli nene ya kusawazisha mguu wangu mfupi. Nilikuwa nimekataa kwenda shule kwa sababu watoto walinicheka.

"Hiki ni kiatu cha jeshi," alisema, akikisugua mpaka kikang'aa. "Anayekivaa haangalii chini."

Akanisindikiza hadi shuleni, medali zake kifuani. Langoni msichana mmoja akanisalimu na kuuliza, "Niaje, hiyo kiatu ni ya nini?"

"Ya jeshi," nikamjibu kwa sauti.

Jioni watoto walewale walionicheka walipiga foleni mlangoni petu, wakiomba kukijaribu.