Aliombwa Herufi, Akagusa Maneno

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyotamani kuvunja taipu ya mtu kwa mikono yangu. Enzi za Mwingereza hizo, hapa hapa Temeke. Serikali ilitaka kupitisha barabara kwenye kiwanja cha shangazi yangu Mwanaidi, penye nyumba yake na makaburi ya wanawe. Shangazi akasema, nami nikaandika barua ya kwenda kwa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu: "Sihami. Wanangu wamelala hapa."

Nikampelekea karani mmoja wa Ilala aliyekuwa akichapa barua za watu. Nikamwambia wazi asahihishe herufi na nukta tu. Ilipokuwa tayari mie nilikuwa kazini bandarini. Shangazi, asiyejua kusoma, akaenda mwenyewe, akaonyeshwa pa kuweka dole gumba, akaweka.

Kwenye baraza la Bwana Shauri barua ikasomwa: "Naomba kwa unyenyekevu nipewe mahali pengine pa kuhamia."

Shangazi akasimama. "Hayo si maneno yangu! Nani kanisemea?"

Wakamwonyesha alama ya dole lake chini ya barua.

Nilimfuata yule karani. "Nimewasaidia," akanijibu, hata kichwa hakuinua. "Serikali haiandikiwi kwa ukali."

Msaada gani huo! Nyumba ikabomolewa, shangazi akiwa amesimama barabarani na mkeka wake. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Makaburi yalikuwa bado hayajaguswa. Nikaandika barua nyingine kwa maneno ya shangazi, tukaenda nayo kwa Mwalimu Yohana, mtu wa Songea aliyehamia Chang'ombe. Kabla hajashika kalamu akauliza, "Shikamoo, mama. Nisahihishe herufi, ninyooshe sentensi, au nipange upya hoja zako? Hizo ni kazi tatu mbalimbali."

"Marahaba. Nyoosha sentensi," shangazi akasema. "Palipo pakali paache."

Akaandika mapendekezo yake pembeni kwa penseli, akamsomea kila badiliko, naye akakubali au akakataa. Barua ikapelekwa, barabara ikapindishwa, makaburi yakabaki. Nyumba haikurudi.

Basi, mwanangu, ukimpa mtu andiko lako, mwambie ni kazi ipi unayomwomba, na umwonyeshe anapokomea. Akuonyeshe kila alipogusa. Usitie sahihi kabla hujasoma, au hujasomewa na mtu wako. Na wewe ukipewa la mwenzio, usimgeuzie nia yake ukaita msaada. Huo ni wizi.

Mola akulinde, jina lako lisikae kamwe chini ya neno usilolisema. Amina.