Kumpuliza Ndege Utosini

Vuli ya kwanza Riyadh nilifundishwa kwamba, kwa ndege wengi wanaopita hapa kuelekea kwetu, anayependeza ndiye mtoto. Mzazi amelea kiangazi kizima, manyoya yamechakaa kama kanzu ya kushindia. Mtoto ana manyoya mapya, kingo safi, na hajui lolote. Nilitazama shati langu lililopigwa pasi, nikalikunja mikono.

Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Kazi yetu ilikuwa kunasa ndege kwa nyavu bondeni, kuwatambua, kuwavisha pete mguuni na kuwaachia. Bosi alikuwa ameniambia kwamba asubuhi ile nitatambua ndege peke yangu. Nikiweza, nitapelekwa kituo cha Jeddah. Nikishindwa, halas, mkataba hauendelei.

Wavuni nikamtoa ndege wa kijivu mwenye utosi wa kahawia. Aina yake niliijua. Jike ana kofia ya kahawia na dume nyeusi, ila dume mchanga naye huanza na ya kahawia. Dawa yake ni kupuliza utosi taratibu, uone kama weusi unachipua chini.

Nikapuliza, nikaona weusi. Au kilikuwa kivuli cha pua yangu? Nikageukia jua, nikapuliza tena. Nikisema dume kumbe jike, kosa litaandikwa, litasafiri naye mpaka Morogoro, na mimi nitarudishwa nyumbani kwa kumbadili ndege jinsia. Nikapuliza tena.

Mwenzangu wa Mombasa, mkubwa wangu kazini, alikuwa amesimama na koleo la pete. "Ndugu yangu," akasema, "huyo si uji."

Hapo ndege akavimbisha manyoya, akaanza kufumba macho. Kanuni ni moja: akifanya hivyo amechoka, muachie. Lakini pete hana, na jibu sina. Nikafungua kiganja. Akarukia mateteni, akiniachia alama nyeupe kwenye shati.

Bosi, aliyekuwa akitazama kwa mbali, akasogea. "Dume au jike?"

"Sijui, bosi. Alianza kufumba macho."

Kichwani nikaanza kufunga sanduku.

"Umemuachia kwa wakati. Jeddah utakwenda," akasema. "Lakini utapuliza mara mbili tu. Yalla, wavu wa pili."

Mwenzangu akanipongeza njia nzima mpaka Malaz, mtaa tunaokaa. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nawaza: mara mbili kwa kila ndege, au kwa siku?