Tairi Moja Juu

Usiku ule nililala mapema, nimeshiba, sina homa wala mawazo, na Festo akaja.

Festo alikuwa fundi mwenzangu gereji. Huu ni mwaka wa pili yuko kaburini. Katika ndoto ni mchana, kuna manyunyu, naye amevaa ovaroli yake ile ile, kifua kimebonyea. Hakunisalimia. Alinionyesha kwa kidole ile pikapu ya kubebea ndizi iliyomuua. Ipo kwenye jeki, tairi moja la nyuma liko juu, la pili limekanyaga chini.

Nilijua anataka nione nini. Difu ya pikapu ile, ile gia iliyo katikati ya matairi ya nyuma, ilikuwa ya kupitia kwenye tope: tairi moja likizunguka bure, inalilazimisha la pili nalo lisukume. Gari la namna hiyo, kabla hujaliwasha na kutia gia, unainua matairi yote mawili na kuyawekea stendi. Festo aliniambia hivyo siku ile, tena mara mbili. Nikamcheka, nikamwambia anaogopa gari kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Akaona aibu, akalala chini ya gari kusikiliza beringi. Mimi nikakaa kwenye usukani, nikatia gia. Gari likaruka kutoka kwenye jeki, likampanda.

Mara tuko msibani kwake. Nimesimama mbele ya mkewe, Atupele, namwambia yale yale niliyomwambia kweli: marehemu aliweka jeki vibaya, nami nilikuwa stoo natafuta spana. Maiti hajitetei, nilijua hilo. Lakini Festo amekaa katikati ya kina mama, ananisikiliza na kucheka. Akiwa hai hakuwahi kucheka hivyo. Nilikichukia kicheko kile.

Kisha niko chini ya gari mimi, mgongo kwenye tope. Naiona difu juu ya uso wangu, inavuja mafuta. Mlango wa dereva unafungwa, injini inawaka. Namlilia Festo, namwita kaka, namkumbusha tulivyokuwa tukila sahani moja. Anangoja mpaka nimalize, halafu anachungulia dirishani.

"Mke nimekuachia," anasema. "Uzembe wako uchukue. Mwambie, la sivyo kila ukilala nitatia gia."

Nikasema nitamwambia, naapa nitamwambia. Akatia gia hivyo hivyo. Nilisikia mbavu zangu zikivunjika, na yeye akirudi nyuma apite tena.

Niliamka nikipiga kelele. Atupele alikuwa amewasha taa, amekaa kando yangu kitandani, maana ni mke wangu sasa, mwezi wa sita huu tangu tufunge ndoa. Aliniuliza kwa nini nilikuwa namwita Festo. Akanifuta jasho kwa kanga yake, taratibu, kwa ule upole nisioustahili.

"Usijitese, Daudi," akasema. "Yule alijiua kwa uzembe wake. Hata wanawe nimewaambia, wasije wakawa kama baba yao."

Niliushika mkono wake, nikauondoa usoni kwangu. Nilikuwa naogopa, na sijui hadi leo kama nilimwogopa yeye au usingizi.

"Jeki aliiweka sawa," nikamwambia. "Alitaka tuinue matairi yote mawili, nikamcheka. Gia niliitia mimi."

Hakulia. Alijifunga kanga, akaenda chumba cha pili, na nikamsikia akiwaamsha watoto: "Amkeni, baba yenu hakuwa mzembe."