Viazi vya Bi Zuhura

Mawese yakianza kupata moto hutoa harufu nzito inayokwama kooni, na kwa muhula mzima wa mvua nilikwenda shule ya msingi nikiwa nanuka hivyo. Mama alikuwa akipika kwenye mgahawa wa Bi Zuhura, karibu na soko la Kasulu, nami nilioshea sahani uani kabla na baada ya masomo. Wateja walikuja kwa wali maharage, lakini kilichowarudisha ni kile kilichomwagwa juu yake: viazi mviringo vilivyoparuzwa vyembamba kama nyuzi, vikakaangwa mpaka vikawa vya rangi ya shaba na kulia chini ya meno. Mama aliviparuza kwa kibati kilichotobolewa kwa msumari, akavisuuza mpaka maji yakatakata, akavikamua ndani ya kanga kuukuu, kisha akavikaanga kidogo kidogo. Vikitoka vilitandazwa kwenye sinia pana na kuachwa wazi vipigwe na upepo, mvuke usije ukavilainisha. Chumvi ilikuja mwisho.

Kabla ya hapo Mama alikuwa akilima vibarua kwenye mashamba ya watu kule kwetu Titye, na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani kwa hatua, kama mtu anayesogeza gunia. Kwa hiyo Bi Zuhura aliposema anarejea Ujiji kumuuguza mama yake, na kwamba atamwachia mgahawa mtu anayeweza kupika kama yeye, nilielewa hata kwa umri ule kwamba jembe au jiko vingeamuliwa hapo. Kaka yake, mwenye jengo, angekuja Ijumaa baada ya swala, pamoja na wenzake, aonje kwanza.

Ijumaa hiyo Bibi, mama mzazi wa baba, alishuka kutoka Titye kuja kusaidia. Alifagia, akachota maji, akapanga kuni. Wageni walipofika Mama alitoka kuwanawisha mikono. Bibi akaliona sinia la viazi limekaa wazi, bado linafuka.

“Chakula cha wageni hakiachwi uchi kama cha mbwa,” aliniambia, akachukua majani ya mgomba, akalifunika vizuri, akakandamiza kingo zote. Nyumbani kwetu hiyo ndiyo adabu. Kila chungu nilichokiona kikiletwa mbele ya wageni kilikuwa kimefunikwa, na mwenye kukifunika alikuwa mtu mzima anayeheshimu watu.

Mama alipoyafunua majani, maji yalikuwa yakidondoka upande wa chini. Viazi vilikuwa vimelala, laini. Akavitazama, akamtazama Bibi aliyekuwa akitabasamu kwa kazi nzuri, akavipakua hivyo hivyo.

“Mama Shukuru,” kaka yake Bi Zuhura alisema akiviinua kwa kidole, “hivi vimenyeshewa njiani kutoka Manyovu?” Wenzake wakacheka. Bi Zuhura hakucheka.

“Nisamehe, kaka. Nilivitoa mafutani mapema,” Mama alijibu.

Jikoni, alimokuwa Bibi, palikuwa hatua chache tu kutoka pale. Mkamwana hamsahihishi mama mkwe mbele ya watu, na Mama hakumsahihisha hata tulipobaki peke yetu. Jioni Bibi alilalamika kwamba watu wa mjini hawajui kula, na Mama akaitikia, “Ndiyo, mama.” Mgahawa ulipewa mwanamke mwingine. Mvua za msimu uliofuata zilimkuta Mama kwenye matuta ya watu.

Bibi alipokwisha kufariki, nilimuuliza Mama kwa nini hakumwambia.

“Ningemwambia, halafu yeye alale vipi?” alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Leo naishi Kibondo na mke wa kaka yangu. Nikimharibia chakula ananiambia hapo hapo, “Wifi, umeniharibia,” tunanuniana mpaka jioni, halafu yamekwisha. Nadhani ni afadhali hivi. Lakini nikienda Titye namkuta Mama akiinuka kitini kwa kusukuma magoti kwa mikono yote miwili, anasimama kidogo akisubiri mgongo umruhusu, kisha anakwenda shambani, na mimi sijapata mtu wa kumlaumu.