Limepokelewa

Watu wa ofisini walimwita Nyundo kwa jinsi alivyozigonga herufi za kompyuta, na Jumatatu ile jina lilimkaa sawasawa, maana alikuwa anatafuta kitu cha kuponda.

Kwa miaka kumi na miwili aliandika programu katika kampuni ndogo iliyotunza mfumo wa maombi ya damu. Mama akivuja damu wodini, mkunga anajaza ombi kwenye kompyuta, ombi linafika benki ya damu, damu inaletwa. Basi, hakuna maajabu. Lakini mfumo ulikuwa umezeeka, ikabidi uandikwe upya, na kabla ya kuandika lazima uchague kiunzi, yaani ile programu tupu iliyotengenezwa na wengine, ina nguzo na paa tayari, wewe unajenga vyumba vyako ndani yake. Ukichagua vibaya utaishi na kosa lako miaka kumi.

Ofisi ile ilikuwa na sheria moja tu ya maana, imeandikwa kwa kalamu nene ukutani juu ya birika la chai: anayechagua kiunzi ndiye anayebeba simu. Simu yenyewe ilikuwa ya vitufe, imepasuka mgongo na kufungwa kwa mpira. Mfumo ukianguka, hospitali zote hupiga hiyo. Tangu sheria iwekwe, hakuna aliyethubutu kuchagua kitu kwa kuwa tu kimeingia sokoni jana.

Sasa mkurugenzi akamleta mshauri, bwana wa makamo mwenye viatu vya kung'aa. Akaunganisha kompyuta yake na skrini kubwa, akashindanisha viunzi viwili, cha zamani alichokitumia Nyundo na kipya.

"Jioneeni wenyewe," alisema. "Hiki kipya kinajibu kabla hujapepesa jicho. Na hiki cha zamani... ngojeni, bado kinajishauri."

Watu wakacheka. Mkurugenzi akacheka kuliko wote. "Dada Nyundo, chako kinatembea na mkongojo!"

Nyundo akajikaza kisabuni. "Changu kinaandika ombi kwenye hifadhidata kwanza, ndipo kinajibu. Chako kinafanya nini?"

"Vilevile, ila kisasa."

Ila kisasa! Mtu mzima na akili zake anajibu hivyo, na bado analipwa.

"Tumeshakata shauri," mkurugenzi akasema. "Waandishi wa programu wote tunaotaka kuwaajiri wanakijua hiki. Mshauri amechagua. Simu ubaki nayo wewe, dada, kwa sababu mkataba wake unaisha mwezi ujao."

Hapo Nyundo akahisi masikio yanawaka. "Achague yeye, nibebe mimi?"

"Usianze maneno yako."

"Basi pakeni rangi ukuta huo, msidanganye wageni!" Akatoka, na mlango ukapiga kishindo hata vikombe vikalia.

Alikwenda moja kwa moja hospitali kwa dada yake mkubwa, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi. Alimkuta kwenye chumba cha shuka, akamwaga yote: viatu vya mshauri, mkongojo, kicheko, simu. Dada alikunja shuka na kusema "mh" pale palipostahili. Kisha muuguzi akachungulia kumwambia kuna mama anahitaji damu. Dada akaketi kwenye kompyuta, akajaza ombi, maandishi ya kijani yakatokea: Ombi limepokelewa. Akafungua daftari kubwa, akaandika saa. Halafu akainua simu ya mezani, akapiga benki ya damu kuuliza kama kweli wameliona.

Nyundo, ambaye hasira zake zilikuwa bado za moto, akaruka. "Dada, hata wewe! Unapiga simu ya nini? Si kompyuta imekuambia limepokelewa?"

"Nilishawahi kuliamini neno hilo, mdogo wangu," dada alisema bila kupandisha sauti. "Mama wa kitanda cha sita. Wewe mwenyewe uliniambia ilikuwa mtandao."

Haikuwa mtandao.

Miaka kumi na moja nyuma, akiwa mpya na mwenye kupenda sifa, alitaka skrini ijibu upesi ili wakubwa watabasamu kwenye maonyesho. Akaupanga mfumo useme limepokelewa kwanza, ombi likae kwenye kumbukumbu ya muda ya seva, liandikwe baadaye kidogo. Mchana mmoja umeme ukakatika, seva ikazimika na kuwaka tena, na lililokuwa halijaandikwa likayeyuka. Mama wa kitanda cha sita alingoja damu dakika arobaini, akafa kabla haijafika. Kesho yake Nyundo aliliona kosa, akalirekebisha kimyakimya, na alipoulizwa akasema mtandao. Ile nusu sekunde waliyoicheka kwenye skrini ndiyo rekebisho lenyewe. Siku nzima alikuwa amemkasirikia mshauri kwa ujinga aliouanzisha yeye mwenyewe.

Hakumwambia dada yake kitu. Aliaga, akatembea hadi nyumbani akijitukana njia nzima.

Asubuhi, ofisini, aliwasimamisha wote mbele ya skrini. "Tuma ombi moja," alimwambia mshauri.

Mshauri akatuma. Limepokelewa, skrini ikasema, haraka kama kawaida yake. Papo hapo Nyundo akauchomoa waya wa umeme wa seva ya majaribio.

"Wewe una kichaa?" mkurugenzi akafoka.

Nyundo akarudisha waya. Seva ilipoamka wakafungua orodha ya maombi. Ilikuwa tupu.

"Huo ni mpangilio tu," mshauri akasema, jasho likimtoka. "Mistari miwili nabadilisha."

"Ibadilishe. Halafu pima tena."

Akabadilisha, akapima. Nusu sekunde, pungufu kidogo. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ulijuaje pa kuchomoa?" mkurugenzi akauliza.

"Nilifanya hivyohivyo kwenye mfumo wetu, mama mmoja akafa, nikasema ni mtandao."

Mkurugenzi akaenda kufunga mlango. Aliporudi uso ulikuwa umemvimba. "Maneno hayo yasitoke humu. Unanisikia?"

"Yatatoka," Nyundo alisema. "Na kiunzi kipya hakina kosa. Ninakichagua mimi, kwa mpangilio wangu. Ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini nikibaki, simu ni yangu." Akaichukua ile simu ya mpira mezani, akaitia mfukoni.

Saa sita alikuwa tena kwenye chumba cha shuka. Safari hii alisema yote kwa sentensi fupi, na hakujitetea. Dada yake hakulia, wala hakumkumbatia. Alifungua kabati la chini, akatoa daftari la zamani lenye jalada lililobanduka, akapekua mpaka alipopataka. Kitanda cha sita. Saa nane na dakika kumi, mfumo umesema limepokelewa. Na chini yake, mbele ya neno sababu, kwa mwandiko wa dada: mtandao.

"Aliacha watoto wawili," dada akasema, na sasa sauti ilikuwa inamtetemeka kwa hasira. "Wakaniuliza. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikawaambia ni mtandao. Miaka kumi na moja umeniacha niwadanganye."

"Dada, nisa..."

"Usiniombe mimi." Akamtupia kalamu. "Kata neno hilo. Andika mwenyewe."

Nyundo akalikata. Akaandika kilichotokea, kisha akaandika jina lake kamili, lile ambalo ofisini hakuna anayelijua. Dada akasoma, akaukausha wino kwa ncha ya shuka, akalitia daftari kwapani na kuchukua pochi yake.

"Kwa watoto wale napajua," alisema. "Tangulia."