Kishona Nguo Kwenye Mashamba Yaliyoachwa

"Ulezi wetu huo umekwenda pwani, haurudi," jirani alimwambia mama nilipoondoka. "Mtoto wa jembe atasoma nini?"

Nyumba nne zilikuwa zimemkopesha mama ulezi wa chakula cha safari yangu ya kwenda shule ya pwani. Nilisoma. Nilipata cheti cha shule ya serikali, na kijijini kwetu hakuna aliyenitangulia. Nimelisema hili mara nyingi mpaka mdomo umechoka, lakini ni kweli.

Nilirudi Songea vita vya Maji Maji vimekwisha. Wadachi walikuwa wamechoma maghala, watu wanachimba mizizi porini. Mama nilimkuta kibandani, mguu una jeraha la jembe, kidonda kimetunga usaha, homa haishuki.

Nje, kishona nguo, gugu la mashambani, kilikuwa kimejaa. Hakimei katikati ya msitu. Hupenda udongo uliowahi kulimwa, kando ya njia na jalalani. Kwa hiyo mwaka ule mashamba yote yalikuwa na vile vijiua vyake vyeupe vyenye kiini cha njano, na mbegu nyeusi ziking'ang'ania kanzu yangu ya pwani. Utotoni mama alinitafunia majani yake na kunibandika kila nilipojikata. Maji yake yaliyochemshwa tuliyanywa tumbo lilipouma.

Nilichuma nikampelekea.

"Nini hicho?"

"Dawa, mama."

"Toa! Ndugu zako wawili walinyunyiziwa dawa ya kuzuia risasi. Wako wapi? Na askari wakikuona na majani mkononi watasema wewe ndiye mganga."

Siku tatu alikataa. Cheti changu hakikumshawishi hata kidogo. Siku ya nne nilichuma majani machanga, nikayachemsha, nikamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, nikayapika kama mboga. Alikula. Yaliyobaki niliyaponda, nikayafunga mguuni.

"Mboga gani inafungwa mguuni, msomi wee?"

"Ya pwani."

Alicheka, mara ya kwanza tangu nirudi. Akaniacha niendelee. Usaha ulikauka polepole, na mvua zilipoanza alishika jembe. Nililima naye, mimi mwenye cheti, mpaka viganja vikachubuka.

Tulipovuna, mama alikataa nikamlipie deni la ulezi. Alikwenda mwenyewe kwa miguu yake, nyumba hadi nyumba, mimi nyuma na kikapu. Wakopeshaji wawili walikuwa wamekufa. Tuliwapa watoto wao. Wa mwisho alikuwa yule jirani aliyesema ulezi haurudi. Alipokea, akapepeta, akamimina chunguni. Mama akaketi mlangoni pake, akanyoosha mguu. Nami nikaketi. Hatukuwa na nguvu ya kurudi nyumbani bado.