Sinia la biriani la baba'ke Zuwena

Jamaa, leo nimekula chakula cha mkwe kabla mwenyewe hajafika.

N'liagiza sinia la biriani hotelini huku Matrah, Omani, tangu asubuhi, baba'ke Zuwena aje tule, anipe jibu la posa.

Nafika, watu watatu wa kwetu Unguja washakaa, wanakula sinia langu.

Ningesemaje? Mtu humwondoi kwenye chakula.

"Karibu, kijana," mmoja kasema.

Na ukikaribishwa hukatai. Nikakaa, nikatia mkono.

Mzee kaingia hapo hapo.

"Mbona umeanza bila mimi?"

Nikasogea kumpisha nafasi.

Wale hawana habari, wanabishana juu ya pembea za sikukuu kule kwetu Mnazi Mmoja, tunazosikia sasa zimevunjwa. Eti ya farasi ilikuwa bora kuliko ya masanduku.

"Ya masanduku," mzee kasema. "Ikifika juu unaiona bahari yote." Kavua viatu, kakaa.

Kisha kanigeukia. "We ulipanda?"

"N'lipanda. N'lilia mpaka wakanishusha."

Wakacheka wote isipokuwa yeye. Kanisogezea nyama, kala, kanawa, kaenda zake.

La posa hakusema neno.

Hebu niambieni, nyama ile ndo kakubali, au kanionea huruma tu?